Jinsi ya kujifunza kuuamini upendo wa Mungu wakati moyo wako unagoma

Wapendwa Bwana Yesu asifiwe, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia maana hili linatuhusu wote.

Naandika kwa ajili ya yule mtu ambaye yupo karibu kila kanisa, anaimba kwaya, anafundisha watoto Yohana 3:16 mpaka wanaikariri, mwenzake akiwa na shida yeye ndo wa kwanza kumwambia "Mungu anakupenda", lakini usiku akishazima taa moyoni anajua kabisa kwamba hilo pendo ni la wengine, yeye anavumiliwa tu. Mtume Yohana anasema "Nasi tumelifahamu pendo alilo nalo Mungu kwetu sisi, na kuliamini" (1 Yohana 4:16), na wengi wetu tumeishia pale kwenye kulifahamu. Kuliamini mtu anajifunza, tena kwa kufanya, ndo maana nimeona niandike kwa vitendo zaidi, nini ufanye Jumatatu na Jumanne na siku ambayo huna hamu hata ya kushika Biblia.

Anza na picha uliyonayo kichwani

Chukua daftari, au fungua noti kwenye simu, andika jibu la swali moja: Mungu akiniangalia mimi sasa hivi anafikiria nini? Andika cha kweli, usiandike cha kanisani. Watu wakiwa wakweli unakuta wanaandika "amechoka na mimi", "anasubiri nikosee tena", "ananidai". Sasa jiulize hiyo sauti uliisikia wapi mara ya kwanza, maana mara nyingi ina mwenyewe na huyo mwenyewe siyo Mungu. Kuna aliyelelewa na baba ambaye akifungua geti tu watoto wote wanatawanyika, kuna aliyeleta nyumbani namba mbili darasani akaulizwa huyo wa kwanza ana vichwa viwili, kuna ambaye baba hakumjua kabisa, na kuna aliyekulia kwenye mahubiri ambayo kila homa na kila ajali ni Mungu anachapa. Mtu wa hivo ukimwambia "Baba yetu uliye mbinguni" mwili wote unakaza, na hakuna haja ya kumlaumu. Biblia yenyewe haijajifanya kwamba wazazi wote ni wazuri, Zaburi 27:10 inasema "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake", na Isaya 49:15 Mungu anakubali kabisa kwamba mama anaweza kumsahau mtoto anayenyonya, alafu anasema "lakini mimi sitakusahau wewe".

Ukishaandika soma Luka 15 kuanzia mstari wa 11, ule mfano wa mwana mpotevu aliyechukua urithi wake akautapanya ugenini, taratibu, na ile sentensi yako iwe pembeni. Kuna kitu pale watu wanakipita. Yule kijana akiwa kwa nguruwe anatunga maneno ya kwenda kusema, yapo matatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Njia nzima anatembea nayo kichwani. Alipofika anasema la kwanza, anasema la pili, la tatu halipo kwenye mistari, nenda kaangalie mstari wa 21 na 22, baba ameshageuka anaongea na watumwa wake walete vazi lililo bora na pete na viatu. Ombi la kibarua halikusikilizwa kabisa. Na kabla hata kijana hajafungua mdomo mzee mwenyewe, mwenye mashamba na watumwa, alikuwa ameshakimbia barabarani, kijana "angali mbali", akamwangukia shingoni akambusu sana akiwa bado ananuka vile vile alivyotoka kwa nguruwe. Kama wewe uliandika "ananidai" basi ujue unaomba kibarua kwa mtu ambaye ameshaagiza pete.

Na usiache kumsoma yule kaka mkubwa, huyu nadhani ndo yuko wengi makanisani kuliko mdogo wake. Hajawahi kutoka nyumbani, hajakula mali na makahaba, lakini sikiliza anavyoongea, nimekutumikia miaka mingapi hii na hujanipa hata mwana-mbuzi. Anahesabu. Ukiona roho inakuuma aliyeokoka juzi akipata kazi au akiolewa na wewe una miaka yako kwenye huduma, hapo ndo ulipo wewe, na baba yule yule alitoka nje akamsihi na huyu pia.

Acha kupima upendo wake kwa wiki uliyokuwa nayo

Hapa ndo penye kazi kubwa. Wengi wetu upendo wa Mungu kwetu umekuwa kama bei ya nyanya sokoni, wiki hii umepanda kwa sababu ada imepatikana, wiki ijayo umeshuka kwa sababu mtoto ameugua na intavyuu tuliyoiombea mkesha mzima hawajapiga simu. Na kwenye ushuhuda kanisani tunasikia tu waliopata, "Mungu ananipenda jamani nimepata visa", sasa aliyenyimwa visa anakaa pale benchi la nyuma anajiuliza yeye je.

Nenda Yohana 11. Lazaro anaumwa, dada zake Martha na Mariamu wanatuma ujumbe kwa Yesu. Mstari wa 5 unasema Yesu aliwapenda hao watu watatu. Mstari wa 6 unaofuata hapo hapo unasema aliposikia mgonjwa hawezi alikaa bado siku mbili palepale alipokuwapo. Mimi kwa akili yangu ningetarajia "aliwapenda, kwa hiyo akaondoka mbio". Yohana ameziweka sentensi mbili zinagusana, aliwapenda na alichelewa, wala hajaomba radhi. Kwa hiyo kuchelewa siyo ushahidi kwamba hupendwi, kama ingekuwa hivo Biblia ingekuwa inajipinga ndani ya mistari miwili.

Endelea kusoma uone anavyofika. Lazaro ana siku nne kaburini, Martha anamwambia wazi "kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa", ni lawama ile tusiipake rangi, na Mariamu anakuja anamwambia maneno yale yale. Yesu hakuwakemea kwamba hawana imani. Alilia. Anajua dakika chache mbele anaenda kumfufua na bado analia na wenye msiba, mpaka watu wakasema "Angalieni jinsi alivyompenda". Ukiwa kwenye msiba na mtu akakuletea mistari ya kukunyamazisha usilie kumbuka Yesu mwenyewe hakufanya hivo.

Sasa kama hatupimi kwa matukio tunapima kwa nini? Kwa msalaba, na hili nalisema kwa maana ya kawaida kabisa, siyo kauli ya kumalizia mahubiri. Warumi 5:8, "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi". Jambo lile limeshafanyika, halipandi wala halishuki kulingana na wiki yangu, na lilifanyika nikiwa katika hali mbaya zaidi siyo nzuri zaidi. Alafu cheki Warumi 8:35 Paulo anapouliza nani atatutenga na upendo wa Kristo, ile orodha yake ina dhiki, njaa, uchi, hatari, upanga. Yaani anajua wapendwa wa Mungu wanaweza kulala njaa. Anayekwambia ukipendwa na Mungu hutapata shida hajaisoma hiyo orodha.

Cha kufanya: andika Warumi 5:8 kwenye kikaratasi, weka pale unapokaa kupiga hesabu zako za mwezi, au nyuma ya kava la simu. Siku habari mbaya inapoingia soma kwanza kile kikaratasi kwa sauti, alafu ndo uanze kuongea na Mungu kuhusu ile habari. Huo mpangilio una maana sana, ukianza na habari utamtafsiri Mungu kwa hiyo habari.

Asubuhi nayo ina kazi yake. Daudi aliomba "Unifanye kuzisikia fadhili zako asubuhi" (Zaburi 143:8). Wengi cha kwanza tunachosikia asubuhi ni magrupu ya WhatsApp na meseji ya anayekudai. Kabla hujawasha data kaa kitandani sema mstari huo mmoja, basi, hata kama dakika mbili zimepita tu, alafu kwenye daladala au ukiwa jikoni uurudie. Mstari mmoja unaoutafuna wiki nzima unakufaa kuliko sura kumi za kukimbiza ratiba.

Ongea naye ukweli

Huwezi kumwamini mtu ambaye kila siku unamwigizia. Tunaingia kwenye maombi na sauti ya maombi, "Baba tunakushukuru kwa kuwa wewe ni mwema", na huku ndani kuna hasira ya miaka mitatu. Soma Zaburi 13, ni fupi, mistari sita tu, na mwanzoni Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne, utanisahau hata lini, utanificha uso wako hata lini. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko, miwili inayofuata ni ombi, miwili ya mwisho ndo anasema "nami nimezitumainia fadhili zako". Tumia mpangilio huo huo kuandika yako. Mistari miwili mwambie kinachokuuma kwa majina yake, "Mungu huu ni mwaka wa pili tunazunguka kliniki na hatujapata mtoto, na jana shemeji kaniuliza tena mbele za watu". Miwili omba unachotaka, wazi. Miwili ya mwisho sema kile unachokijua kumhusu yeye hata kama hukisikii, na kama siku hiyo huwezi acha wazi, usifoji. Zaburi 88 inaisha na giza kabisa, haina mstari wa faraja mwishoni, na bado Mungu ameiacha iwe kwenye Biblia pamoja na zingine. Ila ona, mwenye kulia yule anamlilia nani? Bado anamwita "BWANA, Mungu wa wokovu wangu". Kumlalamikia Mungu uso kwa uso ni kumwamini, aliyeacha kumwamini anaenda kulalamika kwingine.

Ukianguka rudi siku hiyo hiyo

Kuna tabia ambayo inatumaliza kimya kimya. Mtu ameanguka kwenye dhambi, labda ile ile ya kila siku, picha chafu, pombe, ulimi, anaona aibu, anasema ngoja nikae wiki mbili nijirekebishe kwanza ndo nirudi kuomba. Hiyo wiki mbili ni kifungo umejihukumu mwenyewe. Petro alimkana Bwana mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Fungua Yohana 21 uone, baada ya kufufuka Yesu anawasubiri wanafunzi ufukweni, kuna moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate, anawaambia "Njoni mfungue kinywa". Kwanza wamekula. Walipokwisha kula ndo akamuuliza Petro wanipenda, mara tatu, na kila mara akimpa kazi ya kulisha kondoo. Kidonda kiliguswa ndiyo, lakini mtu akiwa ameshashiba na nguo zimekauka, maana alikuwa amejitupa majini kumfuata Yesu.

Kwa hiyo usiku ule ule, kabla ya kulala, taja dhambi kwa jina lake, soma 1 Yohana 1:9, amini umesamehewa kwa sababu yeye ni mwaminifu, ulale. Mashaka yakirudi saa nane za usiku kukwambia wewe siyo wa Mungu, Martin Luther, yule aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, aliwafundisha watu wake wajibu kwa kusema mimi nimebatizwa, maana ubatizo ni kitu Mungu alikufanyia wewe na hakibadiliki kwa hisia zako za usiku. Napenda hiyo. Inakutoa kwenye kubishana na dhamiri yako na kukurudisha kwenye jambo lililotokea kweli, siku fulani, maji kichwani au mtoni.

Mwili wako nao usiusahau

Nabii Elia, mtu aliyeshusha moto mlima Karmeli, siku chache tu baadaye yuko jangwani chini ya mti anaomba afe, "Yatosha". Mungu hakumpa fundisho. Alimtuma malaika akamgusa, "Inuka, ule", mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili (1 Wafalme 19). Mpendwa uliyekesha siku tatu mfululizo, huli vizuri, kazini stresi, alafu unashangaa kwa nini humhisi Mungu, lala. Na kama ni miezi sasa, huoni raha kwenye kitu chochote, usingizi umekata, unawaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona na ina matibabu, nenda hospitali, na mwambie mtu leo hii usikae nayo peke yako. Kumeza dawa siyo kumkana Yesu.

Usijifunze haya peke yako

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa hili kuliko sisi. Mwaka 1929 pale Kampala Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikaa pamoja wakasoma Biblia na kuomba, na katika miaka ya 1930 uamsho ukatoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kenya mpaka Tanganyika. Kitu walichokishika sana ni kutembea nuruni kama 1 Yohana 1:7 inavyosema, yaani ndugu wanakaa pamoja, mtu anasema udhaifu wake wazi, wenzake wanamkumbusha damu ya Yesu, wanaimba. Mwafrika na mzungu wanaombana msamaha, enzi za ukoloni zile! Mtu akikusikia ukisema lile baya lako na asikukimbie, moyo unapata mahali pa kushika pale unaposikia kwamba Mungu naye hakukimbii.

Chagua mmoja tu au wawili, wa jinsia yako, ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri za mtu mwingine. Hicho ndo kipimo, anayekuletea za wengine atapeleka na zako.

Na wewe uwe huyo mtu kwa mwenzako. Mama mmoja wa felosheni yetu alifiwa na mtoto wa darasa la tatu, watu wakaja na maneno mengi, mwingine akafika hatua ya kumuuliza kama kuna dhambi imefichwa mle ndani. Mama akaacha kuomba kabisa. Bibi mmoja jirani akawa anakuja asubuhi anakaa naye mkekani wanachambua mchele, bibi kashika ungo anatoa mawe na chuya, Biblia hajaifungua, akimaliza anasema "mwanangu kesho nitakuja". Na kesho anakuja. Ilipita miezi. Siku mama aliporudi felosheni alisema alianza kuamini tena Mungu hajamwacha kwa sababu yule bibi kila aliposema atakuja alikuja.

Jihadhari na wanaouuza

Nitasema hili bila kuzunguka kwa sababu watu wameuza mpaka viwanja. Yeyote anayekwambia Mungu atakuangalia ukipanda mbegu ya kiasi fulani, ukinunua maji au mafuta yake, ukilipia kumwona ofisini, huyo anakufundisha kutouamini upendo wa Mungu, maana anakwambia unanunuliwa. Isaya 55:1 inaita wenye kiu waje wasio na fedha, wanunue divai na maziwa "bila fedha na bila thamani". Toa sadaka yako kwa furaha, toa fungu la kumi, saidia yatima, lakini uitoe kama mtu aliyekwisha kupendwa anayeshukuru. Ukijikuta unatoa kwa hofu kwamba usipotoa kitakupata kitu, simama kwanza, "pendo lililo kamili huitupa nje hofu" (1 Yohana 4:18).

Inachukua muda gani?

Hili naulizwa sana. Waefeso walikuwa wameshaamini, wameshatiwa muhuri na Roho, na bado Paulo anawapigia magoti (Waefeso 3:14-19) wapate nguvu ya kufahamu upana na urefu na kimo na kina, waujue upendo wa Kristo upitao ufahamu. Kama waliookoka tayari walihitaji kuombewa hilo, basi nawe usione aibu kwamba bado unajifunza ukiwa na miaka ishirini kanisani. Ila angalia pia kwamba Paulo aliliomba, hakuwaambia wajitahidi tu. Kwa hiyo wiki hii mtafute yule mtu wako mmoja umwambie akuombee Waefeso 3:16 mpaka 19 kwa jina lako kabisa, pale penye "ninyi" aweke jina lako, na wewe umwombee hivyo hivyo kwa jina lake. Kama una watoto waombee hivyo jioni wakisikia, kila mmoja kwa jina lake, hasa yule aliyeharibu siku hiyo.